Kinamasi Hakisahau: Majitaka ya Viwanda katika Historia ya Jiji la Kigali

Historia za Kigali huanza na vilima. Zinatueleza kwamba mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt aliweka makao yake Nyarugenge, kwamba mji huu ulipofanywa makao makuu ya nchi huru mwaka 1962 ulikuwa na watu wapatao 6,000 tu, na kwamba leo majengo marefu yamejipanga juu ya vilima vilevile. Insha hii inaanzia chini, mabondeni. Huko ndiko maji ya vilima vyote huishia, na huko ndiko mji wetu ulikoweka sehemu kubwa ya viwanda vyake.

Swali langu ni hili: tangu uhuru, Kigali imefanya nini na maji machafu yenye sumu yanayotoka viwandani? Nimelichagua kwa sababu siku hizi kila mjadala kuhusu majitaka haukosi kutaja mtambo mmoja wa kisasa, tangi la bakteria lenye utando ndani yake, kana kwamba mtambo huo utafuta yote yaliyopita. Wenzangu wa uhandisi wanausifu, na wana sababu. Lakini mimi nasoma historia, na historia inanifundisha kuuliza jambo ambalo mtambo hauulizi: kabla yake, kazi hii ilifanywa na nani, na malipo yake yako wapi? Nitaonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka 40 kazi hiyo ilifanywa na kinamasi, bila mshahara, na kwamba kinamasi hakikuiondoa sumu bali kiliitunza.

Bonde lililoonekana halina mwenyewe

Kwa Kinyarwanda tunakiita igishanga. Ni bonde lenye maji yanayotembea taratibu, limejaa mafunjo, mmea ambao sisi huku twauita urufunzo, na ukiyasikia majina hayo mawili utajua ni ndugu. Kigali imezungukwa na vinamasi vya namna hiyo. Mto Nyabugogo hutoka Ziwa Muhazi, hupita kaskazini mwa mji ukikusanya vijito vya mabondeni, kisha huingia Nyabarongo. Nyabarongo hukutana na Akanyaru, Akagera huzaliwa, na Akagera huenda Ziwa Viktoria. Kwa hiyo tone linalodondoka kwenye sakafu ya karakana ya Gikondo lina njia ya wazi hadi Mto Nile.

Miaka iliyofuata uhuru, serikali changa ilihitaji viwanda, na viwanda vilihitaji mahali tambarare. Katika nchi ya vilima elfu, mahali tambarare ni bondeni. Kilimani palikuwa na nyumba, mashamba na ofisi; bondeni palionekana hapana mwenyewe. Ndivyo Gikondo ilivyogeuka kuwa eneo la viwanda: maghala ya MAGERWA yalikohifadhiwa bidhaa za forodha, kahawa iliyosubiri kusafirishwa, viwanda vya bidhaa za nyumbani, gereji za malori. Kwingineko mjini kulikuwa na Sulfo, iliyotengeneza sabuni tangu miaka ya 1960. Katika bonde la Nyabugogo kulikuwa na kiwanda cha sukari cha Kabuye. Na miaka ya 1980 kilikuja kiwanda cha nguo cha UTEXRWA. Siyataji majina haya ili kumshitaki mtu. Nayataja kwa sababu ndiyo yaliyowapa wazazi na babu zetu sabuni, sukari na kitenge, na hakuna aliyeviuliza viwanda vya wakati huo, hapa au kwingineko katika ukanda huu, maji yake yanakwenda wapi.

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa historia hapaswi kulipita haraka. Watu wa miaka ya 1960 na 1970 hawakuwa wajinga. Waliona kwa macho yao kwamba maji yaliyoingia kinamasini yakiwa na rangi na povu yalitoka upande wa pili yakiwa yametulia na kung'aa. Mafunjo hupunguza mwendo wa maji, uchafu hutuama chini, na vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi hula sehemu ya uchafu. Kwa mji mdogo wenye viwanda vichache, hesabu hiyo ilikubalika. Kosa la hesabu lilijificha kwenye neno moja: kung'aa. Maji yanayong'aa si lazima yawe maji salama, na kilichotoka majini hakikutoka duniani.

Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Baada yake, nchi ilikuwa na makaburi ya kuchimba, yatima wa kulea na wakimbizi wa kupokea. Mji ulijaa upya kwa kasi, na wengi waliorudi walijenga popote walipopata nafasi, hata pembezoni mwa vinamasi. Haishangazi kwamba majitaka hayakuwa ajenda ya kwanza. Lakini idadi ya watu haikusubiri: sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi 1,745,555 katika Jiji la Kigali. Mji wa watu 6,000 ulikuwa umeongezeka karibu mara 290, na kinamasi kilikuwa kilekile.

Mwaka ambao taa zilizimika

Kilichobadilisha fikra za viongozi kuhusu vinamasi hakikutokea Kigali. Kilitokea kaskazini, Rugezi. Kinamasi cha Rugezi hulisha Ziwa Burera, na maji ya Burera huzungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Kinamasi kilipokaushwa na kulimwa, maji ya ziwa yalipungua, na kufikia mwaka 2004 nchi iliingia katika uhaba mkubwa wa umeme. Serikali ililazimika kukodi majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa. Kwa mara ya kwanza, bei ya kinamasi iliandikwa kwa fedha kwenye bajeti ya taifa.

Sisemi kwamba taa za Ntaruka peke yake ndizo zilizoleta sheria, lakini mpangilio wa miaka unasema jambo. Mwaka 2005 ilipitishwa Sheria Asilia ya mazingira, iliyokataza ujenzi kinamasini na kutaka majengo yawe mita 20 kutoka ukingoni. Mwaka 2006 ikaundwa REMA, mamlaka ya kusimamia mazingira. Mwaka 2008 ikapigwa marufuku mifuko ya plastiki, ambayo wageni wote huisifu. Mwaka 2018 sheria ya mazingira iliandikwa upya. Ndani ya kipindi hicho, Gikondo ilibadilika jina: kutoka eneo la viwanda ikawa eneo lisilo halali.

Viwanda vinahama

Uamuzi uliofuata ni mkubwa, na nadhani haujapewa nafasi yake katika vitabu vyetu. Serikali iliamua kwamba viwanda vyote viondoke Gikondo. Mahali pa kuhamia palitayarishwa upande wa mashariki wa jiji, Masoro na Ndera wilayani Gasabo, palipoitwa Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali. Awamu ya kwanza ilikuwa ya hekta 98 na ya pili ya hekta 178. Kuhama hakukuwa kwa siku moja. Palikuwa na tathmini ya mali, fidia, kesi, barua za onyo, na miaka mingi ya kungojana, mwenye kiwanda akiitazama serikali na serikali ikimtazama mwenye kiwanda. Ila hatimaye kuta zilibomolewa, na mwaka 2024 jiji lilikuwa katika mradi mkubwa wa kurudishia uhai vinamasi vitano: Gikondo, Rwampara, Rugenge-Rwintare, Kibumba na Nyabugogo. Mfano wa kufuata ulikuwepo tayari: Nyandungu, kinamasi kilichofunguliwa mwaka 2022 kama hifadhi ya mjini yenye zaidi ya hekta 120, njia za kutembelea na ndege wengi.

Nilipokwenda Nyandungu na wanafunzi wenzangu, tulifurahi kama watoto. Sina neno baya la kusema juu ya mahali pale. Lakini mama yangu mkubwa, ambaye kwa miaka mingi alilima viazi vya amateke pembezoni mwa kinamasi kimojawapo hadi walipotakiwa kuondoka, aliniuliza swali ambalo hata mwalimu wangu hajaniuliza. Nilimwonyesha picha za bustani kwenye simu yangu. Akaziangalia moja baada ya nyingine, kisha akasema: "Mwanangu, viwanda vimeondoka, nimeona. Na lile tope je, nalo limehama?"

Kinamasi kama ghala

Tope halijahama. Jibu hili si la kubuni, kwani Mnyarwanda mmoja amelitafuta kwa vipimo. Christian Sekomo Birame, katika utafiti wake wa udaktari uliokamilika mwaka 2012 katika taasisi ya UNESCO-IHE mjini Delft, Uholanzi, alifuatilia safari ya metali nzito katika kinamasi cha Nyabugogo. Alipima kadimiamu, kromiamu, shaba, risasi na zinki katika maji, tope, mimea na samaki. Alichokiona ni kwamba metali hizo hukusanyika hasa katika tope la chini, na katika mafunjo hukaa zaidi mizizini kuliko mashinani.

Tuelewe maana yake. Uchafu wa kawaida, kama mabaki ya chakula au sabuni, huliwa na bakteria ukabaki gesi na maji. Metali haina wa kuila. Risasi iliyoingia kinamasini mwaka 1975 ni risasi hadi leo. Bakteria anaweza kuibadilisha umbo, mmea unaweza kuishika, tope linaweza kuifunika, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kuifanya isiwe risasi. Kwa hiyo kinamasi tulichokiita kichujio kilikuwa ghala. Kila mwaka tuliweka humo mzigo, na kwa kuwa maji yaliyotoka yalionekana safi, tulidhani mzigo umekwisha.

Wazee wa pwani husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ghala la namna hii lina hatari yake pale mlango unapofunguliwa: mtu anapochimba tope, anapong'oa mafunjo, au mafuriko yanapokuja na nguvu. Kila anayepanda mboga juu ya tope hilo, au kuvua samaki ndani yake, anachota ghalani bila kujua. Ndiyo maana kurudisha kinamasi si kupanda miti tu. Ni kujua kwanza kilicholala chini ya miti hiyo.

Tena si suala la wakulima wa mabondeni peke yao. Tangu mwaka 2021 sehemu ya maji ya bomba ya Kigali inatoka Kanzenze, ukingoni mwa Nyabarongo katika Bugesera, kutoka visima vilivyochimbwa kando ya mto. Mtambo huo una uwezo wa mita za ujazo 40,000 kwa siku, ambapo 30,000 ni za Kigali na 10,000 za Bugesera. Mchanga wa ukingoni huyachuja maji na mtambo huyatibu, na sina sababu ya kumtia mtu hofu kuhusu glasi yake. Ninalosema ni la jiografia: Kanzenze iko chini ya mahali Nyabugogo inapoingia Nyabarongo. Mji wetu umefikia ukubwa wa kunywa kutoka mto uleule unaopokea maji yake machafu. Mji wa watu 6,000 haukuwa na tatizo hilo.

Safari ndefu ya utando

Sasa nirudi kwenye mtambo unaosifiwa. Nao una historia yake, na inaanzia karibu na lugha hii ninayoiandikia kuliko tunavyodhani. Katika karne ya 19 kitambaa cheupe cha pamba kutoka Marekani kiliuzwa Unguja kwa wingi kiasi kwamba Waswahili walikiita merikani, na misafara ikakibeba bara pamoja na jina lake. Pamba hiyo ilifumwa katika viwanda vya New England, hasa jimbo la Massachusetts, na mito ya huko ililipa gharama. Si ajabu kwamba Massachusetts ndiko kulikofunguliwa, katika mji wa viwanda vya nguo wa Lawrence, kituo cha majaribio ya maji machafu miaka ya 1880.

Mwaka 1912 mtaalamu Mwingereza, Gilbert Fowler, alikitembelea kituo hicho na kurudi na wazo la kupuliza hewa ndani ya majitaka. Wanafunzi wake wawili wa kazi, Edward Ardern na William Lockett, wakalikamilisha Manchester, mji mwingine wa pamba. Mwaka 1914 walitangaza kwamba ukipuliza hewa, ukaacha tope litulie, kisha ukalitumia tope lilelile kwa maji mapya, bakteria huzidi kuwa wengi na kazi ya siku nyingi humalizika kwa saa chache. Waliliita tope hilo kwa jina lenye maana ya tope lililotiwa nguvu. Hadi leo miji mingi mikubwa duniani husafisha majitaka yake kwa njia hiyo.

Njia hiyo ina udhaifu mmoja. Baada ya kula, bakteria lazima watuame chini ili maji safi yatenganishwe juu. Wasipotuama, hutoka pamoja na maji. Na maji ya viwandani, yenye rangi, mafuta na chumvi, ni hodari sana wa kuwazuia wasituame. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Kimarekani ya Dorr-Oliver ilijaribu kuondoa udhaifu huo kwa kuweka utando: badala ya kungoja tope litulie, maji yasukumwe kupitia ngozi nyembamba yenye matundu madogo mno. Ilifanya kazi, lakini kusukuma maji kwa nguvu kiasi hicho kulikula umeme mwingi, na kwa miaka 20 mtambo huo ukabaki wa wenye fedha. Mwaka 1989 Mjapani Kazuo Yamamoto na wenzake walikuja na wazo rahisi: utando uzamishwe ndani ya tangi lenyewe, na maji yavutwe taratibu badala ya kusukumwa kwa nguvu. Gharama ilishuka, na miaka ya 1990 kampuni za Japani na Kanada zikaeneza mtambo huo duniani.

Utando unaweza nini

Nimejitahidi kuelewa unavyofanya kazi, maana si haki kukosoa usichokielewa. Matundu ya utando huwa kati ya mikromita 0.04 na 0.4 hivi. Bakteria wengi wana urefu wa mikromita moja au zaidi, kwa hiyo hawapiti. Wakiwa hawawezi kutoroka, wanaweza kuwekwa wengi: gramu 8 hadi 12 za tope kwa lita, ambapo tangi la kawaida hubeba gramu 2 hadi 4. Tangi linakuwa dogo, na katika mji ambao kila mita tambarare inagombaniwa, udogo ni fadhila.

Faida ya pili ndiyo inayohusu sumu. Kemikali ngumu za viwandani, kama baadhi ya rangi za nguo na viyeyusho, huliwa na aina chache za bakteria, nao huzaana polepole sana. Katika tangi la kawaida bakteria hao hutolewa pamoja na tope kabla hawajazoea chakula kigumu. Nyuma ya utando hukaa wiki nyingi, wakazoea, wakazaana. Ni kama darasa ambalo mwanafunzi mzito hafukuzwi; akipewa muda, anafaulu.

Lakini kuna yasiyowezekana. Kwanza, utando huziba. Lazima mapovu ya hewa yausugue mchana na usiku, na kila baada ya muda uoshwe kwa klorini na asidi. Kwa hiyo mtambo hula umeme zaidi kuliko tangi la kawaida, na baada ya miaka kadhaa utando hununuliwa upya kutoka nje. Pili, sumu ikija nyingi kwa ghafla, bakteria hufa, na utando bila bakteria ni chujio la bei ghali. Tatu, na hili ndilo kubwa kwa hoja yangu, metali iliyoyeyuka majini ni ndogo mno kuzuiwa na matundu hayo. Sehemu yake hupita. Sehemu nyingine hunata kwenye tope, na tope hilo lazima litolewe na kupelekwa mahali. Swali la mama mkubwa limeturudia likiwa limevaa vazi jipya: na lile tope je?

Majirani wanatufundisha

Kampala walitutangulia katika somo la kinamasi. Maji machafu ya jiji hilo, ya nyumbani na ya viwandani, yalipita mfereji wa Nakivubo hadi kinamasi cha Nakivubo, kisha ghuba ya Ziwa Viktoria ambako, kilomita chache mbele, mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya jiji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachumi walikadiria kwamba kazi ya bure ya kinamasi hicho ina thamani ya dola milioni moja au zaidi kwa mwaka. Hesabu hiyo ilisaidia watu kuona kwamba kinamasi ni mali. Lakini kinamasi kiliendelea kumegwa kwa mashamba na majengo, na hatimaye Uganda ililazimika kujenga Bugolobi mtambo mkubwa wa kusafisha mita za ujazo 45,000 kwa siku. Kilichofanywa bure kikaanza kulipiwa kwa mkopo.

Ethiopia ilichukua njia nyingine. Eneo la viwanda vya nguo la Hawassa lilizinduliwa mwaka 2016 karibu na Ziwa Hawassa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Kitakachoingia humo hakina pa kwenda. Kwa sababu hiyo mtambo wa majitaka ulijengwa pamoja na viwanda, si baada yake: uwezo wa mita za ujazo 11,000 kwa siku, na lengo la kutomwaga maji hata tone, bali kuyasafisha na kuyarudisha viwandani. Ni ghali, na hubakiza chumvi na tope la kushughulikia. Ila mpangilio wake ndio ninaotaka tuuige: ziwa lililofungwa liliwalazimisha wapangaji waulize swali la tope kabla ya cherehani ya kwanza kuwashwa.

Sisi Kigali tuna mto unaokimbia, na mto unaokimbia huwafanya watu wasahaulifu.

Yaliyobaki kulipwa

Jiji sasa linajengewa mfumo mkuu wa kwanza wa majitaka, wenye mtambo Giti cy'Inyoni, karibu na Nyabarongo, kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Uwezo uliopangwa ni mita za ujazo 12,000 kwa siku. Ni habari njema, maana miaka yote hii nyumba zimetegemea mashimo na magari ya kunyonya. Lakini mtambo huo ni wa maji ya nyumbani. Kiwanda kikimwaga humo kromiamu au asidi, kitawaua bakteria wanaosafisha maji ya maelfu ya familia. Kwa hiyo majitaka ya viwandani lazima yasafishwe kiwandani kwenyewe, kabla hayajachanganyika na ya wengine.

Nionavyo, historia hii inatupa mambo matatu ya kudai. La kwanza, metali itenganishwe chanzoni. Hapa nchini tuna vifaa vya kuanzia: Sekomo huyohuyo alionyesha kwamba mawe ya volkano kutoka Gisenyi hunasa kadimiamu, shaba, risasi na zinki, na alijaribu pia mabwawa ya mwani na ya magugu madogo yanayoelea kama hatua ya mwisho kwa maji ya viwanda vya nguo. Mawe hayo hayaagizwi kwa meli. Utando uwekwe baada yake, kwa kazi unayoiweza: kula rangi na kemikali, na kuyafanya maji yafae kutumika tena.

La pili, tope liwe na anwani. Kila kibali cha mtambo kitaje kilo ngapi za tope zitatoka, zina nini, na zitalala wapi. Mwaka 2012 jalala la Nyanza, Kicukiro, lilifungwa na taka zikahamia Nduba. Watu wa Nyanza walishukuru, wa Nduba wakaanza kulalamika. Kuhamisha si kumaliza. Tumekwisha kulijua hilo kwa takataka, tusilisahau kwa tope.

La tatu, vinamasi vinavyorudishwa vipimwe mara kwa mara, na majibu yabandikwe mahali ambapo mkazi wa kawaida anaweza kuyasoma. Bustani nzuri juu ya ghala lisilofunguliwa bado ni ghala. Sidai kwamba pachimbwe kila mahali. Mara nyingine ni salama zaidi kuacha tope lilale chini ya mafunjo. Lakini kuliacha lilale kwa kujua ni uamuzi, na kuliacha kwa kutojua ni bahati nasibu.

Watu waliojenga Gikondo walitupa viwanda na walituachia tope. Sitawalaumu kwa kutojua metali isiyoonekana. Sisi hatutakuwa na udhuru huo. Tuna vipimo, tuna sheria, na tuna mtambo ambao wao hawakuuota. Vijana wa rika langu ndio watakaoajiriwa Masoro kuiendesha mitambo hiyo, kuosha utando na kupima tope. Watakaoandika historia yetu baada ya miaka 50 hawatatafuta hotuba zetu kwanza. Watashuka bondeni, watachimba, na tope litawaambia.